Siku mbili kisiwani: Jinsi ya kupanga ziara ya Mji wa Kale na vyakula vyake

Shule zikifungwa, simu huanza kulia katika nyumba nyingi za Mombasa. Shangazi anakuja kutoka Kitui na watoto wake, binamu yuko njiani kutoka Eldoret, na wote wana ombi moja: watembezwe mji. Hapo ndipo wenyeji wengi hukwama. Mkazi wa Jomvu au Kisauni anaweza kuwa ameingia kisiwani kikazi kila siku kwa miaka kumi, akaipita Fort Jesus mara mia, na asiwahi kuvuka lango lake. Basi mgeni hupelekwa ufuoni, hupigwa picha chini ya Pembe za Moi Avenue, hula chipsi, kisha hurudi kwao akiwa ameiona bahari lakini hajauona mji.

Makala haya yanaeleza jinsi familia inavyoweza kupanga siku mbili za kuona sehemu ya kihistoria ya Mombasa na kuonja vyakula vyake, bila kupoteza muda kwenye msongamano wala kumaliza fedha kabla ya jioni. Ushauri mkuu ni mmoja: panga safari kwa kufuata saa za chakula na jua, si kwa orodha ndefu ya mahali.

MJI MKUBWA, ENEO DOGO

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 katika kaunti hii, waliotapakaa Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Hata hivyo, sehemu kongwe iko ndani ya Mvita, upande wa mashariki wa kisiwa, na mtu mzima huweza kutoka Fort Jesus hadi soko la Marikiti kwa miguu bila kumaliza nusu saa.

Eneo hilo dogo limebeba historia ndefu. Msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 na kuwakuta watu wake Waislamu wenye misikiti ya mbao. Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 na kuimaliza 1596, wakitumia ramani ya mhandisi Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 2011 ngome hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kosa la kawaida ni kutaka ngome, ufuo, mbuga ya wanyama na feri kwa siku moja. Familia ya namna hiyo hujikuta imekaa kwenye matatu Nyali Bridge au Makupa wakati ambapo ingekuwa inakunywa madafu. Kwa ziara ya siku mbili, kaa kisiwani. Ufuo unaweza kusubiri siku ya tatu.

CHAGUA MSIMU NA SIKU

Mvua za masika huanza Aprili, na mara nyingi Mei ndio mwezi wenye mvua kubwa zaidi. Vichochoro vya Mji wa Kale havipendezi vikiwa na madimbwi. Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, jua ni kali sana, hivyo matembezi yote yafanywe asubuhi na jioni. Julai hadi Septemba kuna upepo wa kusi na hewa ni nafuu zaidi kwa wazee na watoto.

Siku ya wiki pia ina uzito. Ijumaa adhuhuri maduka na vibanda vingi vya Mji wa Kale hufungwa kwa ajili ya swala, na vingine havifunguliwi mapema baada ya hapo. Jumapili baadhi ya maduka ya vitambaa hayafunguliwi kabisa. Kwa wengi, Jumamosi na Jumapili ndizo siku za mapumziko, na zinatosha mradi ununuzi ufanywe Jumamosi.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake. Mchana sehemu nyingi za kula katika Mji wa Kale hufungwa, na si adabu kula au kunywa hadharani mbele ya waliofunga. Lakini alasiri inapoingia, barabara hujaa kaimati, sambusa, vitumbua, mkate wa sinia na sharubati. Mgeni anayetaka kuona upishi wa Mombasa katika ubora wake atafurahi, ili mradi aanze ziara yake saa kumi jioni.

Wageni wanaokuja kwa treni wahimizwe kukata tiketi mapema, hasa kuelekea Krismasi na Pasaka. Mwenyeji naye ajue treni inafika saa ngapi. Stesheni iko Miritini, si mjini kati, na mgeni atakayeshuka usiku wa manane na watoto apangiwe gari kabla hajapanda treni.

FEDHA: KINACHOPENYA MFUKONI

Ni vizuri kugawa fedha za safari katika mafungu manne kabla ya kutoka nyumbani: nauli, kiingilio, chakula, na akiba. Ada ya Fort Jesus hutofautiana kati ya raia wa Kenya, wakazi na wageni wa nje, na pia kati ya mtu mzima na mtoto. Kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho. Viwango hubadilika, hivyo viulizwe mapema, na simu iwe na chaji na pesa za kulipia.

Mara nyingi kinachovunja bajeti si kiingilio wala sahani ya pilau. Ni maji ya chupa yanayonunuliwa kila kona na tuktuk ya kila safari fupi. Familia ya watu watano ikibeba maji yake kutoka nyumbani na kutembea kwa miguu ndani ya Mji wa Kale itaokoa fedha za chakula cha jioni. Kikapu cha ukindu au mfuko wa kitambaa pia ubebwe, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

SIKU YA KWANZA: NGOME, VICHOCHORO, SOKO

Anzeni kwa mahamri na mbaazi. Mahamri mazuri huwa yamekandwa kwa tui la nazi na kutiwa iliki, na mbaazi huchemshwa hadi zikalainika kisha zikaungwa kwa tui zito. Hiki ni chakula cha mapema. Ikifika saa nne, sufuria nyingi huwa zimeshafutwa. Familia itakayochelewa kuamka itakosa kiamsha kinywa chenyewe cha Mombasa na kula mkate wa dukani.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi. Ingieni saa hiyo, kabla jua halijapanda na kabla mabasi ya shule hayajafika. Ndani msikimbilie kupiga picha za mizinga pekee. Waonyesheni watoto jinsi kuta zilivyosimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe, kisha waelezeni kisa cha mazingira makubwa: kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 majeshi ya Oman yaliizunguka ngome hii, na waliokuwa ndani, Wareno pamoja na wenyeji waliokuwa upande wao, walikufa kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Meli ya Wareno iliyoitwa Santo António de Taná ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa kutoka humo miaka ya 1970 vimo katika makumbusho.

Muulize mgeni wako anadhani jengo hili lilifanya kazi gani wakati wa Mwingereza. Wengi hawajui kwamba lilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na kwamba makumbusho yalifunguliwa baadaye, mwaka 1962. Hapo mtoto huanza kuelewa kwamba kuta zilezile ziliwahi kuwa silaha, jela na darasa.

Mkitoka ngomeni, jua litakuwa limeanza kuchoma. Ingieni vichochoroni, ambako nyumba ndefu zilizokaribiana hutia kivuli. Barabara inayopita katikati huitwa Ndia Kuu. "Ndia" ni njia kwa Kimvita, lahaja ya wenyeji wa kisiwa hiki, na ndiyo aliyotungia mashairi Muyaka bin Haji, malenga aliyeishi hapa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Angalieni milango ya nakshi, roshani za mbao na mabaraza ya mawe nje ya nyumba. Upande wa pwani kuna msikiti wa Mandhry, ambao huhesabiwa kuwa mkongwe zaidi kati ya misikiti inayotumika mjini, na mbele yake ni bandari ya kale ya majahazi. Kwa karne nyingi tende, zulia na mikufu viliteremshwa hapa, na boriti, nafaka na pembe vikapakiwa.

Saa saba mchana ni saa ya wali. Hapa wageni huuliza tofauti ya pilau na biriani, na mwenyeji aweze kujibu. Katika pilau, mchele hupikwa pamoja na nyama na viungo kwenye sufuria moja: bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga. Katika biriani, wali hupikwa kando na nyama huandaliwa na rojo lake zito la vitunguu na nyanya, kisha viwili hivyo vikakutana kwenye sahani. Anayependa samaki aulize samaki wa kupaka, anayechomwa kisha akapakwa rojo la nazi, na aagize wali wa nazi.

Baada ya hapo, pumzikeni. Kati ya saa nane na saa tisa hata wenyeji hawatembei bila sababu.

Alasiri ni ya Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914 likijulikana rasmi kama soko la Mackinnon. Nje na ndani kuna mboga, matunda, viungo na achari. Nunueni viungo vizima badala ya vilivyosagwa, kwa sababu hudumu zaidi na ni rahisi kuona ubora wake. Karibu hapo, mtaa wa Biashara ndio wa leso na vikoi. Mgeni anayetaka zawadi ya kupeleka nyumbani asome jina la leso kwanza. Mchuuzi mzuri atamweleza maana yake, maana kumpa mama mkwe leso yenye kijembe ni jambo ambalo halitasahaulika upesi.

Magharibi ikiingia, makaa huwashwa. Huu ndio wakati wa mishikaki, mkate wa mayai, bajia na viazi karai, yaani viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa, na huliwa na ukwaju. Mfunge siku kwa kahawa tungu. Muuza kahawa humimina kutoka kwenye dele la shaba lililo juu ya makaa, kwenye vikombe vidogo, na kipande cha haluwa au kashata huondoa uchungu mdomoni.

SIKU YA PILI: UPANDE WA BAHARI

Jumapili iende polepole. Wanaokwenda ibada waende kwanza. Baadaye piteni Moi Avenue mwone Pembe, zilizowekwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Ni aluminiamu, si za ndovu, na watoto wengi hushangaa kusikia hivyo.

Saa kumi jioni elekeeni Mama Ngina, kusini mwa kisiwa. Kuna mibuyu mikubwa, upepo wa wazi, na meli za kuingia bandari ya Kilindini hupita karibu kiasi kwamba mtoto anaweza kusoma jina lililoandikwa ubavuni. Hapa chakula ni mihogo ya kuchoma au kukaanga yenye ndimu na pilipili, kachiri, mabuyu na madafu.

Mwambie mgeni jambo hili akiwa ameshika muhogo wake: muhogo na pilipili havikuwa mimea ya Afrika. Asili yake ni Amerika, na mabaharia Wareno ndio walioisambaza katika pwani za bara hili. Watu walewale waliojenga ngome mliyoiona jana. Biriani ina undugu na Bara Hindi, haluwa na Oman, na nazi imepikwa hapa tangu kale. Ndiyo maana ziara ya historia na ziara ya chakula si safari mbili. Ni moja.

Kabla giza halijaingia, familia inaweza kuvuka feri ya Likoni kwenda na kurudi. Abiria wa miguu halipi, na kwa mtoto wa bara ambaye hajawahi kukanyaga chombo cha majini, dakika hizo chache huwa ndizo anazosimulia zaidi shuleni. Mshike mkono, na usubiri hadi magari yapangwe.

KULA NJE BILA KUUGUA

Chakula cha barabarani ni salama kikichaguliwa kwa makini. Sheria inamtaka kila anayeshughulikia chakula cha kuuza awe na cheti cha uchunguzi wa afya kilicho hai, na si utovu wa adabu kukiulizia. Tazama pia mambo haya: chakula kitoke motoni mbele yako, kibanda kiwe na wateja wengi wanaokuja na kuondoka, muuzaji asishike fedha na chakula kwa mkono uleule, na kuwe na maji ya kunawa. Sharubati na juisi ya miwa zinywewe pale unapoyaona maji na barafu vinakotoka. Dafu linalopasuliwa mbele yako ndilo kinywaji kisicho na shaka.

NI MAKAO YA WATU

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, lakini kabla ya hilo ni mtaa wa watu. Ndani ya milango ile ya nakshi kuna wagonjwa, watoto wanaosoma na wazee waliopumzika. Salamu hufungua mengi: "Sabalkheri" asubuhi, "Masalkheri" jioni, au "Salaam aleikum" wakati wowote. Mavazi yafunike mabega na magoti. Msikitini usiingie bila kuomba ruhusa, na usimpige mtu picha, hasa akina mama na watoto, bila kumuuliza. Feri na bandari zina kanuni zao za usalama kuhusu picha, hivyo uliza walinzi kabla ya kutoa simu.

Atakayehitaji kiongozi wa kutembeza amwombe kitambulisho cha leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na wapatane malipo na muda kabla ya hatua ya kwanza. Wanaojitolea "bure" langoni mara nyingi huwa ghali mwishoni.

NANI ANAWAJIBIKA KWA NINI

Wakazi huuliza malalamiko yapelekwe wapi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inagawa kazi hivi: majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, kama Fort Jesus, yako chini ya serikali ya kitaifa kupitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Utalii wa ndani, masoko, uzoaji wa taka na taa za barabarani ni kazi za kaunti. Kwa hiyo lalamiko kuhusu huduma ndani ya ngome lipelekwe kwa wasimamizi wake pale pale. Taka zilizorundikana kichochoroni, taa iliyozimika au kibanda kichafu viripotiwe kwa msimamizi wa wadi, pamoja na mahali na siku.

Fedha zinazotumika kwa njia hii hazisafiri mbali. Zinamfikia mama aliyeamka saa kumi usiku kukanda unga wa mahamri, muuza leso, kijana wa madafu na mzee wa kahawa. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni ghali kukarabati, na mwenye nyumba asipoona faida ya kubaki huuza au huacha roshani ianguke. Wateja wanaorudi ni sababu moja ya kubaki.

Kwa hiyo wageni watakapopiga simu likizo ijayo, waulize kwanza kama wanaweza kuamka mapema. Wakikubali, uliza jirani ni nani mtaani anayepika mbaazi nzuri, na mfike kwake kabla ya saa mbili.